Marehemu Hafungwi

Baba Ciru,

Kesho asubuhi nasimama kortini Thika. Kabla sijamweleza hakimu ulikuwa mtu wa aina gani, nimeona ni adabu nikueleze wewe kwanza. Jibu sitarajii. Hata ukiwa hai, jibu lako kwa kila jambo lilikuwa "tutaona," na huko uliko nadhani mnaona yote.

Niko dukani hapa Kamenu. Mvua imewafukuza wateja, cherehani nimeifunika kwa nailoni, na Ciru bado yuko shule. Nakuandikia kwenye zile karatasi za kaki ninazochorea mishono. Ni kubwa, lakini na mimi nina mengi.

Jana alikuja Mungai, ndugu yako mkubwa. Mungai akija na mkate na maziwa ya pakiti, wewe unajua, ana kitu anataka. Alikalia stuli ya wateja, akasifu chai kabla hajaionja, kisha akasema, "Mama Ciru, wale vijana wameteseka vya kutosha." Vijana! Kinuthia ana upara unaong'aa kama sufuria mpya, na Mato nimemwongezea kitambaa kiunoni mara mbili. Hao ndio vijana wanaoteseka rumande, kwa wizi wa kimabavu mliofanya watatu.

Tangu washikwe, hao wawili hawajakubaliana hata juu ya rangi ya pikapu yako. Kinuthia akisema Mato ndiye aliyempiga mzee, Mato anasema Kinuthia ndiye aliyepanga. Kila mmoja na wakili wake, kila mmoja akimchimbia mwenzake shimo. Lakini sasa wamepata neno moja la kuwapatanisha. Neno lenyewe ni wewe. Ati wewe ndiwe uliyekuwa mkubwa wao. Ati ulipanga, ukawaita, ukawatisha, wakafuata kwa kuogopa.

Nilicheka, Baba Ciru. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Wewe! Mtu aliyeshindwa kumfukuza jogoo wa jirani kitandani mwetu, akalala kwenye kochi!

Mungai hakucheka. Akaegemea mbele kama mtu aliyeshushiwa mstari wa Biblia, akaniambia, "Hebu fikiria vizuri. Marehemu hafungwi. Ukisema ni yeye, nani anaumia? Na watu wa Kinuthia wamesema watamjengea kaburi. Saruji, vigae, na msalaba wa mawe." Mawe ya wapi, sikumuuliza.

Hayo ndiyo yaliyo mbele yangu kesho. Nikiitikia, utalala chini ya vigae ukiwa jambazi mkuu wa Thika na Ruiru, na Ciru atakuwa binti wa jambazi mkuu. Nikikataa, utabaki mwizi wa kawaida chini ya udongo na magugu. Ndugu yako mwenyewe anaona biashara ya kwanza ndiyo nzuri. Aliondoka na mkate wake. Alisahau kuuacha, au labda hakusahau.

Nipange mambo hapa, ili kesho ulimi usinipotee.

Kinuthia aliwahi kuwa karani wa machimbo ya mawe upande wa Juja, akafukuzwa kwa sababu ambayo yeye huiita wivu. Aliondoka na siri moja ya ofisini: kwamba mishahara ya wachonga mawe huja kwa pesa taslimu, na mzee mhasibu huibeba ndani ya mtungi wa maziwa, nyuma ya pikipiki, ili aonekane muuza maziwa. Wachonga mawe wenyewe hawakujua. Walijua tu kwamba Jumamosi pesa hufika.

Siku hiyo wewe uliziba njia na pikapu, boneti juu, kama gari limeharibika. Mato alimpiga mzee kofi moja, meno yake ya bandia yakaangukia vumbini, na Mato, akirudi nyuma na mtungi, akayakanyaga. Kinuthia hakushuka. Mzee angemtambua. Alijifunika turubai huko nyuma, katikati ya magunia ya chakula cha nguruwe, akaongoza shughuli kwa kukohoa.

Ulinisimulia hilo la meno kama ajali. Nikakuuliza kama mlimwachia mzee hata kitu kidogo cha kununulia mengine. Ukasema, "Hatukufikiria." Nikipata pesa zangu mwenyewe za kuandikisha jiwe, sitaandika Pumzika kwa Amani. Nitaandika hivyo tu: Hatukufikiria.

Mishahara ya watu wanaopasua mawe kwa nyundo, Baba Ciru. Si benki, si tajiri. Jumatatu iliyofuata Mama Kioko alikuja hapa. Mumewe ni mchonga mawe, na alikuwa akinunua chakula cha kuku kwako kwa deni ulilokuwa ukilisahau makusudi, maana ulimpenda. Aliniletea sketi ya shule nishushe pindo, maana ya kununua hakuna. Akasema, "Mama Ciru, wamechukua jasho yetu yote, hata ya kununua unga." Na wewe ulikuwa hapo mlangoni. Ulisema, "Pole sana, mama." Nilidhani ni huruma. Ilikuwa huruma, nakubali. Ndiyo inayonichukiza zaidi.

Basi mkafunga noti kwenye gazeti, mkazitumbukiza ndani ya gunia la unga wa omena, vile visamaki vikavu vya kulishia kuku, kwenye stoo yako. Mlikula kiapo: hakuna kugusa mpaka watu wasahau. Kinuthia akaja na kufuli yake mpya, akaifunga stoo, akauvaa ufunguo shingoni kama padre. Mimi sikujua kitu. Nilimuuliza kufuli ni ya nini. Akasema, "Shemeji, ni panya." Nikamwambia sijawahi kuona panya anayefungua mlango. Akacheka sana, kicheko cha mtu anayelipwa kwa kila jino. Na wewe, mwenye duka, ukawa unakwenda mjini kununua unga wa omena huku lako gunia zima limefungiwa na mgeni. Hilo peke yake linatosha kumweleza hakimu nani alikuwa mkubwa wa nani.

Kisha Kinuthia akatangaza kuwa anaoa. Binti wa Ruiru, Nyokabi, mwalimu wa chekechea, mpole, hakukosea chochote ila macho. Ndugu zake Kinuthia hawamsemeshi, kwa hivyo akawaomba wewe na Mato muwe kwenye ujumbe wa kupeleka mahari, ile ruracio yenyewe. Mato alitaka suti. Nilimtengenezea ya mtumba, nikaipanua mgongoni, akajitazama kwenye kioo akasema anafanana na mbunge. Sikubisha. Nami nikaitwa kubeba kiondo pamoja na akina mama.

Unakumbuka tulivyopendeza? Mlisimama langoni, na mzee wenu wa kukodi akasema tumefuata ua tuliloliona likichanua kwenye boma hili. Mbuzi walikuwa wamefika tangu asubuhi. Na pesa zilikuwa kwenye bahasha nene ya kaki, ndani ya koti la Mato.

Kwa Mato, hapo ndipo ninapomvulia Kinuthia kofia, huku nikitema mate. Mato alivunjwa pua kwa chupa alipokuwa baunsa wa kilabu ya wanafunzi pale Juja. Tangu siku hiyo hasikii harufu hata mpira ukiungua mbele yake. Ninyi wawili mlikuwa mkimpa maziwa yaliyolala mkimcheka. Basi Kinuthia akampa bahasha abebe, "kwa sababu wewe ndiye unaogopewa, ndugu yangu." Na Mato akavimba kifua, akabeba pesa zake mwenyewe za wizi kutoka Thika hadi Ruiru, zikimnukia chini ya kidevu, akaziwasilisha kwa wakwe wa mwizi mwenzake kwa mikono miwili na kichwa kimeinama.

Bahasha ikapelekwa ndani kuhesabiwa. Nilikuwa humo na akina mama. Dadake baba ya Nyokabi, yule wanayemwita Tata Wangari, muuza mboga wa soko la Ruiru, mdomo wake hauna mlango. Akaichana bahasha, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Ngai! Hizi pesa zimeogelea wapi? Kwani hawa athoni, wakwe zetu, ni wavuvi?"

Wenzake wakainusa mmoja mmoja. Mwingine akaita kuelekea jikoni, "Leteni ugali jamani, mboga imefika!" Walicheka mpaka leso zikalegea. Nami nikacheka, sikuwa na habari.

Kisha nikainua macho. Ulikuwa mlangoni umeshika kreti ya soda. Nimeuona uso wako siku Ciru alipozaliwa, nimeuona siku ulipozika babako, lakini ule wa siku hiyo sikuujua. Ulikuwa kama mtu aliyeingia kanisani akakuta harusi yake mwenyewe inaendelea bila yeye.

Kwa athoni hakuna kugombana. Ujumbe ukiaibika, ni ukoo mzima. Hilo ndilo lililokuzuia. Uliweka kreti chini, ukatoka, ukakaa kwenye hema kando ya Mato aliyekuwa akitafuna mbavu, na mzee aliposema ruracio imepokewa, ukapiga makofi. Nilikutazama ukipiga makofi. Mzee wa watu mlimwacha vumbini bila meno, lakini wakwe wa Kinuthia msingeweza kuwaharibia sherehe. Adabu mlikuwa nayo. Mlimnyima tu yule aliyeistahili.

Jioni hiyo, tukirudi, ulisimamisha pikapu kando ya barabara ukanieleza yote. Kulikuwa na mahindi ya kuchoma mkononi mwangu na sikuyala. Nilikuambia neno moja tu, unalijua: rudisha. Ukasema, "Tutaona." Ukasema kwanza utamwona Kinuthia, mzungumze kama wanaume, umpe nafasi arekebishe.

Hiyo nafasi! Laiti ungempa mtu mwingine yeyote nafasi, Baba Ciru. Ungempa yule mzee wa meno.

Kinuthia aliposikia unajua, alikushika mkono, akalia, akasema ni tamaa ya mapenzi, akaomba wiki. Ulipotoka tu akatoboa mabati ya nyuma ya stoo yako, kwa upande wa nje, kwa msumeno wake, kisha akakimbia kwa Mato na jina lako mdomoni. "Ng'ang'a ametuibia. Njoo uone. Gunia ni tupu." Mato akaona tundu, na Mato akiona kitu haulizi kimefikaje.

Alikutafuta. Akakupata Ruiru ukishusha magunia kwa mteja. Waliokuwepo wanasema ulimwona, ukasema "Mato, ngoja nikueleze," na hakungoja. Ukakimbia.

Lile daraja la kupitia watu lilikuwa hatua chache. Daraja lile lile ulilokuwa ukitupandisha mimi na Ciru hata barabara ikiwa tupu, hata nikiwa na mzigo kichwani, ukisema Thika Road haina rafiki. Mara ngapi tulibishana. Mara ngapi nilikuita mwoga. Na wewe siku hiyo ukapita chini.

Lori la mchanga.

Sitaki kuandika zaidi hapo. Dereva alisimama, nataka ulijue hilo. Alikuja hata mazishi, akakaa nyuma kabisa, akashika kofia yake muda wote. Mtu pekee aliyeomba msamaha ni yule ambaye hakukosa.

Kinuthia je? Kinuthia alikuwa kwenye kamati ya mazishi. Ndiyo. Alikuja kila jioni kwenye maombi, akapanga viti, akawa anawaambia watu wasogee. Kanisani aliongoza wimbo. Kaburini alitupa udongo akasema, "Nenda, ndugu yangu, kazi umeimaliza," nami nikatazama mkono ule ukipangusa vumbi. Sikuwa nimejua bado kwamba ndiye aliyemtuma Mato, lakini nilijua ya bahasha. Nilitaka kumfukuza pale kaburini. Nikajizuia, kwa sababu Ciru alikuwa amenishika sketi na mamako alikuwa ananitazama.

Tangu uende, mengi yamebadilika. Duka lako amepanga kijana anayeuza simu. Kuku wa mtaa, wale waliokuwa wakikufuata kwa sababu ya unga kwenye nguo zako, walikaa wiki nzima pale mlangoni. Siku moja nilitoka na koti lako la kazi ili nilifue, wakanifuata mimi. Nililirudisha ndani. Bado sijalifua.

Kisha Mato akaanza kuja. Anakaa stuli ile ile ya Mungai, miguu imezuia mlango. "Mama Ciru, mimi si mtu mbaya. Mume wako alituibia. Nipe pesa, nikuache." Nikimwambia sina, anauliza Ciru hupitia njia gani akitoka shule. Anauliza polepole, kama anayeulizia bei ya zipu. Siku ya tatu aliondoka na pasi yangu ya makaa. Siku ya nne alimwambia Ciru mwenyewe, hapa mlangoni, mbele ya watoto wenzake: "Baba yako aliwaibia marafiki zake."

Jina la mwizi ningeweza kulivumilia, maana ulikuwa mwizi. Lakini hilo la kuwaibia marafiki, lililomfanya Ciru akatae kwenda shule siku mbili, lilikuwa la Kinuthia, na mwanangu hatavaa nguo ya Kinuthia.

Ningemwambiaje Mato ukweli? Pua hana. Masikio anayo, lakini kwangu hayasikii. Mjane wa mwizi atasema nini kingine? Nikawaza nani atamwambia bila kujua kwamba anamwambia. Nikamwambia Mato, "Twende Ruiru, kuna mtu anajua pesa zilipo." Uongo haukuwemo.

Tukaenda mchana mweupe sokoni, mpaka kwa Tata Wangari. Nikanunua sukuma, nikasema, "Tata, huyu ndugu yangu alikuwa kwenye ruracio lakini alikaa nje, hajasikia ile ya bahasha." Huyo mama haombwi mara mbili. Aliacha kukata mboga, akasimama, akaigiza yote: alivyochana, alivyoruka, wavuvi, ugali. Majirani wa vibanda walikuwa wameshaisikia mara kumi na bado wakacheka. Akamalizia kwa kumgonga Mato begani: "Kijana, zilinuka omena hizo! Tulizianika kwenye kamba kama chupi!"

Nilimtazama Mato. Akili yake ni kama pikapu yako asubuhi ya baridi. Inakohoa, inazima, inakohoa. Kisha ikawaka. Akagusa kifua cha shati lake, pale ambapo bahasha ilikuwa.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nilizibeba mimi?"

Nikamwambia, "Kwa mikono miwili."

Nilidhani atauliza juu yako. Nilidhani atasema, basi Ng'ang'a alikufa bure. Hata neno moja. Hakusema. Alisema, "Kumbe sehemu yangu imeliwa na wazee wa Ruiru." Hicho ndicho kilichomuuma. Hapo nilimchukia kuliko siku zote alizokalia stuli yangu.

Akaenda moja kwa moja kwa wakwe. Kinuthia alikuwa huko amepeleka sukari, amevaa tai. Walipigana katikati ya uwanja, mbuzi wakikimbia huku na huku, na kila ngumi ikaja na ushahidi wake. "Wewe ndiye ulikanyaga meno ya mzee!" "Wewe ndiye ulijificha kwa turubai!" "Wewe ndiye ulitoboa mabati ukanidanganya!" Majirani walipanda kwenye ua na simu zao. Waliungama yote bila askari kuuliza swali, na askari walipofika walikuta kazi imekwisha, imebaki kuwafunga pingu. Siku ya pili baba ya Nyokabi aliwapeleka mbuzi waliobaki hadi kituoni, akawafunga kwenye mti, akaenda zake bila kuaga. Nyokabi amerudi kufundisha. Tukikutana hatusemi sana. Tunashikana mikono muda mrefu.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini ngumi zikipoa, mawakili huingia.

Mungai aliponiambia marehemu hafungwi, nilikaa na hilo neno usiku kucha, nikilikagua kama nguo iliyoletwa na mtu nisiyemwamini. Nikalipindua nione ndani. Na ndani, Baba Ciru, nikakuta mshono waliouficha. Wewe hukuwahi kufanya kazi machimbo. Ukiwa wewe ndiwe uliyepanga, ulijuaje pesa ziko kwenye mtungi wa maziwa? Lazima mtu wa ndani awe amekuambia. Na mtu wa ndani aliyezoea kuja dukani kwako ni nani?

Baba Kioko.

Asubuhi nilimfuata kiongozi wa mashtaka nikamuuliza, akanitazama kwa mshangao, akasema ndiyo, upande wa Kinuthia umeshalitaja hilo jina. Na machimbo wameshamsimamisha kazi. Mtu aliyeibiwa mshahara, sasa aitwe aliyeuza mshahara, ili Kinuthia aonekane alikuwa mfuasi tu. Ndugu yako ananiambia hakuna atakayeumia! Marehemu hafungwi, kweli. Baba Kioko anafungika.

Niliporudi dukani, kabla ya mvua, Mama Kioko alipita. Safari hii hakuleta nguo. Alisimama tu, akasema, "Nasikia kesho ni wewe." Nikasema ni mimi. Akasema, "Mimi sikuambii useme nini. Ni bwana yako. Lakini wangu hajui hata hiyo mtungi ilikuwa rangi gani." Kisha akasema nimtazamie watoto kesho, kwa sababu atakuja kortini kusikiza. Halafu akakumbuka nitakuwa huko mimi mwenyewe, tukacheka wote wawili, kicheko kibaya, na akaenda.

Kwa hivyo sikiliza. Kesho nitasema kufuli ilikuwa ya nani na ufunguo ulikaa shingo ya nani. Nitasema bahasha ilinuka nini na nani aliibeba. Nitasema hukuwa mkubwa wa mtu yeyote. Lakini usidhani nakwenda kukusafisha. Nitasema pia uliendesha ile pikapu macho wazi, hukulazimishwa, hukutishwa. Ulialikwa na ukakubali, kwa sababu ulichoka kuwa muuza chakula cha nguruwe na hukuwa na subira ya kuniambia. Nitasema ulimpa Mama Kioko pole huku pesa yake ikiwa stooni mwako. Mamako atasikia. Mungai atasikia, na hilo kaburi la vigae litabaki ndoto. Watu wa mtaa watakuwa na la kusema mpaka Krismasi.

Nakuahidi kitu kimoja tu, kwako na kwa Ciru: sitakuongezea na sitakupunguzia. Ulikuwa dereva. Ulikuwa mwizi. Ulikuwa baba anayepanda daraja. Ciru akiwa mkubwa aje aulize, atapata yote matatu, kwa mdomo wangu, si kwa mtu aliyezuia mlango.

Ciru amefika sasa hivi, amelowa mpaka soksi. Ameuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia, "Namwandikia baba yako." Amesimama kichwani pangu akasoma mstari wa kwanza, akasema, "Mama, hujamsalimia."

Ni kweli. Hasira imenipita mbele.

Anasema u hali gani. Anasema amekuwa wa nne kwenye hesabu, na kwamba jino lile lililokuwa likilegea limeng'oka lenyewe. Hizo ni salamu zake, zipokee.

Zangu bado. Zangu nitakuletea mwenyewe kaburini kesho jioni, nikishamaliza kusema.

Mama Ciru